Kopo la Majina

Ashukuriwe Mungu, anayemjua mtu kabla mama yake hajampa jina, na ambaye hampotezi hata mmoja kwa uzembe wa karani. Amenivusha mabonde mengi, akaniachia macho ya kusomea na mkono usiotetemeka sana, na mwenye vitu hivyo viwili hana udhuru wa kunyamaza. Haya ninayoandika hayanipi sifa. Nimeyabeba kwa muda mrefu, nikaona ni heri niyaweke mezani mwenyewe kabla sijaitwa.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa karani wa redio katika hospitali moja ya kanisa kule Mufindi, kwenye vilima vya chai. Kwetu ni karibu na Igowole, kwa hiyo baridi ile na ukungu ule nilivizoea tangu utoto. Redio yenyewe ilikuwa redio ya upepo, sanduku la kijivu lenye betri mbili za gari chini yake na waya uliopanda hadi juu ya mkaratusi. Kwa redio hiyo tulizungumza na vituo vya kanisa vilivyotawanyika kutoka Iringa mpaka Mbeya. Kimoja kilikuwa Chimala kando ya barabara kuu, kingine Ubaruku kwenye mashamba ya mpunga, na vingine huku na kule milimani. Tulifungua saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri, nusu saa kila mara, na nusu saa hiyo tuligawana wote.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa vibarua wa chai waliotoka mbali. Ndugu wa mgonjwa alikuja dirishani kwangu akasema, "Mwambieni mjomba wangu alete blanketi," au, "Waambieni nyumbani ni mtoto wa kiume." Akanitajia jina la huyo mjomba. Kazi yangu ilikuwa kujua jina hilo liko chini ya kituo gani, nimwite nani redioni, ili mwinjilisti wa kule apande baiskeli aende kumtafuta. Barua ilichukua wiki mbili, na simu ilikuwa kitu cha ofisi kubwa. Mtu ambaye kituo chake hakikujulikana, ujumbe wake ulikuwa ni sauti tu inayopita hewani.

Kabla yangu kazi hiyo aliifanya mzee mmoja wa Kihehe, mwinjilisti mstaafu mwenye masikio makubwa na utani mwingi. Mimi nilikaa naye miaka miwili nikiwa karani mdogo. Yeye alitunza majina katika kitabu kimoja cha jalada gumu, kizito kama jiwe la kusagia. Hakukipanga kwa herufi. Alikipanga kwa mahali. Kila kijiji kilikuwa na kurasa zake, na humo aliandika nyumba kwa nyumba: huyu anakaa mfereji wa pili, alihamia kutoka Rungwe, anasali kwa Wakatoliki, jirani yake ni fulani, ana madume mawili ya kulimia na moja halina mkia. Ukimtajia jina tu, alikuuliza maswali kama hakimu mpaka ajue afungue ukurasa gani.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lilinikera zaidi. Mara kwa mara alikuja mwanamke, akainamisha kichwa pale dirishani, asiseme mengi. Mzee alimwuliza anatoka wapi, akafungua ukurasa wa kijiji hicho, akaanza kusoma majina kwa sauti, taratibu, moja baada ya jingine, bila haraka yoyote. Katikati ya ukurasa alisimama, akafunga kitabu na kusema, "Haya mama, tumeelewana." Nilidhani ni uzee. Nilidhani anasoma ili akumbuke, au kwamba anapenda kuisikia sauti yake. Siku zile nilikuwa nikihesabu dakika za redio, sikuwa na nafasi ya kumwuliza.

Alipostaafu kabisa akaenda kulima viazi kwake, mwendo wa saa moja kwa miguu, kazi ikawa yangu. Na kusema kweli kitabu kilikuwa kimeanza kushindwa. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, nyumba za mfereji wa pili zikawa ziko barabarani, kijiji kizima kikabadilika jina, na mzee alikuwa amekata na kuandika juu, akakata tena, mpaka kurasa nyingine hazikusomeka. Isitoshe, chumba cha redio kilikuwa juu ya kilima na ofisi ilikuwa chini. Wakati wa mvua nilikibeba kitabu kile ndani ya koti kama mtoto mgonjwa. Nikifika nianze kutafuta ukurasa, huku vituo vinaniita na betri inaisha. Jenereta ya kuchajia betri tuliiwasha mara mbili tu kwa wiki.

Mganga mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu mpole asiyependa maneno mengi. Akaniambia, "Karani, chagua njia ya kutunza hayo majina. Wewe ndiye utakayeitumia."

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kununua kitabu kipya na kukiandika upya kwa mahali, kama alivyofanya mzee. Ya pili nilikuwa nimeiona Iringa mjini, katika ofisi moja ya serikali: kabati refu la droo nyingi, droo nyingine zimepangwa kwa majina, nyingine kwa vijiji, nyingine kwa kabila na kazi, na kila mtu ameandikwa mara tatu. Lilikuwa kabati la kupendeza. Lakini lilihitaji fundi, na chumba chake, na makarani wawili wa kulihudumia, kwa kuwa mtu akihama inabidi umsahihishe katika droo zote tatu. Ya tatu ilikuwa kadi. Kadi moja kwa mtu mmoja, juu jina, chini kituo, basi. Zipangwe kwa herufi ndani ya kopo la biskuti. Mtu akihama, unafuta neno moja kwa mpira.

Nilichagua kopo. Hata leo siwezi kusema nilichagua kwa ujinga. Lilikuwa jepesi, niliweza kulibeba kwa mkono mmoja na mwamvuli kwa mkono wa pili. Ukinipa jina, kabla hujameza mate nimekupa kituo. Nilikata kadi kutoka kwenye maboksi ya dawa, nikakaa wiki tatu nikinakili kutoka kwenye kitabu. Nilinakili jina na kituo tu. Mifereji, majirani, Rungwe, dume lisilo na mkia, hayo yote niliyaacha. Niliyaita mizigo.

Jumapili moja baada ya ibada mzee akapita kunisalimia. Akaliona kopo mezani.

"Kamwene, mwanangu. Leo unatukaribisha biskuti?"

"Kamwene, mzee. Ni watu wako hao. Wote wamo humu."

Akalipima mkononi, akatikisa kidogo karibu na sikio lake. "Wamekonda."

"Ni afya, mzee. Wamepungua mafuta."

Akacheka. Kisha akaliweka chini akauliza, "Na yule asiyeweza kukupa jina?"

"Mzee, mtu asiyejua jina la anayemtafuta, huyo anatafuta nini?"

Akanitazama kidogo. "Ninyi wa Igowole mmezaliwa kwenye ukungu," akasema. "Mkiona hatua mbili mbele mnadhani mmeshafika Iringa mjini."

Tukacheka wote wawili. Alikuwa mtu wa kusubiri aulizwe, na mimi sikuuliza. Moyoni nilijisemea kwamba mzee anaona wivu. Namwomba Mungu anisamehe kwa neno hilo, maana ndilo lililofunga mlango.

Kitabu chenyewe nilikitoa. Wakati ule karatasi ilikuwa shida, na wauguzi walikuwa wakitafuta cha kufungia vidonge. Wakachana kurasa, wakazikunja vikunjo vidogo, na wagonjwa wakaondoka na dawa zao zimefungwa katika mwandiko wa mzee. Mimi mwenyewe ndiye niliyekipeleka dirisha la dawa, na nilisema, "Karibuni, kina kurasa nyingi."

Kwa karibu mwaka mzima kopo lilifanya kazi vizuri. Vituo vilinisifu. Mwinjilisti wa Chimala, mtu wa mizaha, alizoea kuniita redioni "mwenye duka la biskuti".

Kisha akaja yule mama. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mvua nyembamba, ile isiyonyesha wala kukatika. Alikuwa Mnyakyusa, bado kijana, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa kibarua wa chai, ameletwa jana yake kwa machela, ini limevimba na macho yamekuwa manjano. Mganga alikuwa amemwambia waziwazi kwamba siku si nyingi. Na mgonjwa mwenyewe, alipopata nafuu kidogo alfajiri, alikuwa amesema jambo moja tu: baba yake aitwe.

Yule mama alinieleza kwa sauti ya chini. Miaka mitatu nyuma mumewe na baba yake waligombana juu ya shamba la mpunga. Mumewe akatoka kwa hasira, hakuaga, akaja huku kwenye chai. Tangu siku ile hawajasemezana. Sasa alitaka baba yake aje amtamkie kwa kinywa chake mwenyewe kwamba amemwachilia. Mwanamume yule hakuogopa kufa kama alivyoogopa kufa na neno hilo halijasemwa.

"Baba yake yuko wapi?" nikauliza.

"Ubaruku."

"Jina lake?"

Akatazama chini.

"Mama, jina la baba mkwe wako."

"Ni babu yake huyu," akasema, akimgusa mtoto mgongoni.

"Babu yake anaitwa nani?"

Akainama, akamfunga mtoto upya. Nilikuwa najua sababu, ndugu msomaji. Hapo ndipo ninapojihukumu. Nilikuwa nimesikia kwamba kwa Wanyakyusa mke hamtaji baba wa mumewe, wala hasimami njiani akimwona anakuja. Hata kwetu Wabena mkwe ana heshima zake. Lakini nilikuwa nimesoma miaka miwili ya shule ya Biblia, na nilijiona nimeyavuka mambo hayo. Nikamwambia, "Mama, hapa ni nyumba ya Mungu. Jina ni jina tu. Hakuna atakayekudhuru."

Nikampa penseli na kipande cha karatasi, maana aliniambia amepita kisomo cha watu wazima. Akaishika penseli. Akaisogeza kwenye karatasi. Kisha akairudisha mezani, akaiweka sambamba na ukingo wa meza kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Nisamehe, baba," akasema.

Nililitazama kopo langu. Majina yalikuwa humo yote, yamepangwa kwa herufi, watu wa Ubaruku wamechanganyika na wa Iringa na wa Mbeya. Bila herufi ya kwanza sikuwa na pa kuanzia. Nikaenda wodini kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Alikuwa amechomwa sindano, amelala. Muuguzi akasema, "Ngoja kidogo, ataamka." Sikungoja. Nilisoma kwenye kitanda chake karatasi ya kuandikishwa, ambako mkewe alitoa jina la ubatizo na jina la ukoo, badala ya jina la baba. Nikalichukua lile la ukoo, nikarudi, nikafungua kopo. Kulikuwa na kadi moja tu yenye jina hilo. Kituo: Chimala.

Yule mama alikuwa amesema Ubaruku, lakini nilijipa jibu. Watu wamehama. Labda mzee amesogea barabarani, na kadi zangu ni mpya kuliko habari za mke aliyeondoka miaka mitatu. Saa kumi alasiri nikaita Chimala, nikataja jina la kwenye kadi na lile la ubatizo la mgonjwa: mwanao ni mgonjwa sana, anakuomba uje. Mwinjilisti akajibu, "Nimepata, mwenye duka. Naenda sasa hivi. Ova."

Ningeweza kutembea jioni ile mpaka kwenye viazi vya mzee nikamwuliza. Jua lilikuwa bado lipo. Nilifikiri juu ya njia, nikafikiri juu ya uso wake atakaposikia kwamba kopo limekwama, nikaenda nyumbani kuota moto.

Jumatano asubuhi mgonjwa aliamka vizuri. Aliongea, alikunywa uji. Aliuliza kama baba yake amefika. Mkewe akamwambia yuko njiani, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo.

Alhamisi mchana akashuka kwenye lori la mbao mzee mmoja mrefu, amevaa koti jeusi la kanisani, amebeba blanketi jipya na mchele ndani ya kitambaa. Nilimpokea mwenyewe, nikampeleka wodini kwa furaha. Akafika kitandani, akainama, akamtazama mgonjwa usoni kwa muda mrefu. Kisha akaweka blanketi na mchele sakafuni, akakaa.

"Bwana asifiwe," akasema. "Huyu si wangu."

Alikuwa mwuza mchele wa Chimala. Mwanawe mwenye jina hilohilo la ubatizo alikuwa utingo wa malori ya Zambia, na kwa siku mbili, usiku na mchana, alikuwa akimlilia. Nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono kunizuia.

"Ngoja. Huyu naye ana baba. Baba yake yuko wapi?"

Nikamweleza yote pale pale, hata habari za penseli. Aliposikia habari za penseli alifumba macho. Yeye naye asili yake ilikuwa Rungwe, kwa Wanyakyusa.

"Ulimwambia aandike?"

"Ndiyo, mzee."

"Mh," akasema.

Akatoka mpaka kibarazani, ambako yule mama alikuwa ameketi. Akageuza kiti, akakaa amempa ubavu ili asimwaibishe, akaanza kuongea kana kwamba anaongea na mvua.

"Mama, ninyi mnakaa upande gani wa mfereji mkubwa?"

"Wa machweo, baba."

"Karibu na mashine ya kukoboa?"

"Ukiipita. Penye mti uliopigwa radi."

"Ndaga, asante. Pale nawajua wanne watano waliotoka kwetu. Huniuzia mpunga." Akaanza kuwataja, jina moja, akanyamaza, jina la pili, akanyamaza. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kwa jina la kwanza yule mama hakufanya lolote. Kwa la pili hakufanya lolote. Kwa jina la tatu akavuta kanga yake taratibu akajifunika uso.

"Haya mama," yule mzee akasema bila kugeuka, maana kanga aliiona kwa pembe ya jicho. "Tumeelewana."

Maneno hayo niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia miaka miwili nzima, ng'ambo ya meza, kutoka kwa mzee wa masikio makubwa, nami nikahesabu dakika. Ndiyo maana alisoma kwa sauti. Ndiyo maana aliandika mifereji na majirani. Hakuwa akitafuta jina kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa akimtamkia mama jina ambalo yeye haruhusiwi kulitamka, na kitabu kilimwezesha, kwa sababu watu wa mahali pamoja walikaa katika ukurasa mmoja.

Nilikimbia ofisini. Jina la tatu, la mtu mwenyewe, si la ukoo. Nilifungua kopo, na kadi ilikuwemo. Ilikuwemo siku zote, safi, kwa mwandiko wangu mzuri. Ubaruku. Haikunichukua muda wa kumeza mate.

Saa kumi nikaita Ubaruku. Betri ilikuwa nzuri, hewa ilikuwa safi, mwinjilisti alinisikia neno kwa neno. Jioni ile ile alimpata baba wa mgonjwa akiwa anafunga ng'ombe, na kesho yake, Ijumaa, mzee alitoka kabla jua halijachomoza.

Yule wa Chimala hakuondoka. Alikaa usiku ule kando ya kitanda kisichokuwa chake, akiimba tenzi kwa sauti ya chini. Muuguzi alinisimulia kwamba karibu na alfajiri mgonjwa alifungua macho, akaona koti jeusi na nywele nyeupe, akanyoosha mkono akasema, "Baba." Mzee aliushika mkono ule. Angeweza kuitika. Wengi wetu tungeitika. Alimwambia, "Mwanangu, baba yako yuko njiani, naye anakuja kwa ajili yako." Saa tatu asubuhi yule kijana akafariki.

Baba yake alifika saa tisa alasiri. Alikuwa mfupi, miguu yake bado ina tope la mashamba. Alipoonekana kwenye njia ya mawe, yule mama, aliyekuwa amekaa na mwili wa mumewe tangu asubuhi, alisimama, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akatoka kwa mlango wa nyuma kupitia jikoni. Hata siku hiyo hakumpa baba mkwe wake uso. Kwa jinsi alivyotoka nilielewa kwamba alichoninyima Jumanne hakikuwa ushirikina. Ilikuwa ni adabu aliyoishika wakati kila kitu kingine kilikuwa kinamponyoka.

Baba aliingia peke yake, lakini mlango ulibaki wazi, na mimi nilikuwa karibu. Alisema, "Nimekuachilia. Shamba ni lako. Nilikuachilia mwaka ule ule, nikaona haya kukufuata." Akayarudia tena, kwa Kinyakyusa, polepole.

Alipotoka akaniona. Akaniuliza, "Wewe ndiye wa redio?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo redio yenu, mtu akisema hapa, Ubaruku wanasikia baada ya muda gani?"

"Wanasikia hapo hapo, mzee."

"Na mwanangu aliniita lini?"

"Jumanne."

Akaitika kwa kichwa. Hakunilaumu, hakuniuliza zaidi. Akaenda kukaa na yule wa Chimala kwenye benchi, wakagawana ugoro. Blanketi jipya lililoletwa kwa mtoto wa mtu mwingine ndilo walilomfunikia marehemu.

Siku ya pili baada ya maziko nilitembea ile saa moja mpaka kwenye viazi. Mzee alikuwa anapalilia. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama kwenye tuta. Alisikiliza akiegemea jembe.

"Kitabu kiko wapi?" akauliza.

"Kimefungia vidonge, mzee."

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho. "Kwa hiyo wameniweka karibu na maumivu yao," akasema. Halafu kicheko kikaisha, na nikaona kwamba macho hakuyafuta kwa kicheko tu. Miaka ishirini ya mkono wake ilikuwa imo katika nyumba za watu, imekunjwa.

"Mbona hukuniambia, mzee?" nikamwuliza. "Ile Jumapili."

"Hukuniuliza. Na mimi nilikuwa na kiburi changu. Nilitaka uniulize." Akanipa jembe la pili. "Tuombe msamaha tukiwa tunapalilia, magugu hayangoji."

Tulianza kitabu kipya wiki ile, kwa mahali. Yeye alikuja kila Jumatano kunisomea kutoka kichwani mwake, na pale alipokwama niliita vituo na kuuliza: nani anakaa penye mti uliopigwa radi? Kopo sikulitupa. Kwa mwenye jina, kopo linatosha, na wenye majina ni wengi. Lakini kitabu kilikaa pembeni yake, na nilijifunza kugeuza kiti, kutazama mvua, na kusoma taratibu. Mara ngapi nimeiona kanga ikivutwa juu ya uso, sikumbuki. Kila mara nilimkumbuka yule mama wa kwanza.

Baba yule wa Ubaruku nilimwona mara moja tu tena, sokoni Chimala. Alinisalimia vizuri. Alisema mjukuu anakua, na kwamba mama yake amerudi nyumbani, shamba lile ndilo analolima. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza, naye akanishika mkono akaanza kuniuliza habari za mavuno ya Mufindi. Nikajua ananisaidia nisiseme. Nimekuwa na huzuni hiyo hadi leo, kwamba nilisamehewa kabla sijapata nafasi ya kuomba, wakati mwanawe aliomba na hakupata wa kumjibu kwa siku tatu.

Mungu akubariki wewe uliyenivumilia hadi hapa. Akupe masikio kabla ya haraka. Wale unaowahitaji wafikie kitandani kwako mapema, na wewe uwafikie wao. Na siku utakaposhindwa kulitamka jina unaloliita moyoni, akuwekee karibu mtu mwenye subira atakayekutamkia. Amina.